Faili Halipo, Lakini Lilikuwa la Nani?

Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi, haivushi watu, magari na mizigo tu. Kompyuta nazo huvuka pale, begani mwa mwanafunzi au kwenye mfuko wa mama anayerudi nyumbani. Wa Goma huleta yake Gisenyi umeme wa kwao ukikatika, au akitafuta mtandao wa kasi. Wa Gisenyi hupeleka yake Goma kwa fundi aliyesifiwa na shemeji. Fundi wa upande wowote analijua lalamiko hili kabla halijamaliza kutamkwa.

"Papa fundi, machine yangu inakatala."

"Inakatala namna gani, mama?"

"Inasema kitu fulani haiko."

"Ulifanya nini mbele?"

"Hakuna. Nilifungua tu."

Kwenye kioo kuna dirisha dogo lenye alama nyekundu ya X, na maneno kwamba programu haiwezi kuanza kwa sababu MSVCP140.dll haipo, au d3dx9_43.dll, au mfplat.dll. Kwa mashine ya Gisenyi maneno hayo huwa ya Kiingereza, kwa ya Goma ya Kifaransa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na ndiyo lugha ya barabarani Goma, lakini kompyuta zetu bado zinalalamika kwa lugha za wengine.

Ujumbe ule ni wa kweli, ila una upungufu mkubwa. Unataja kilichokosekana. Hautaji ni cha nani, wala nani kakiondoa. Mwenye kompyuta akishapata jina hulipeleka Google, na tovuti za kwanza kujitokeza huwa zile zinazogawa mafaili hayo ya DLL moja moja bure. Analipakua faili, analitumbukiza kwenye folda ya System32, anawasha upya. Mara nyingine programu inafunguka kweli, na hapo ndipo hasara inapoanza, maana amepata uhakika kwamba njia ile ni sahihi. Faili hilo hajui limetoka kwa nani, ni la toleo gani, wala limechanganywa na nini, na sasa linakaa ndani ya folda ambayo kila programu ya mashine yake inaiamini.

Swali la kwanza, basi, ni la umiliki, na mara nyingi jina la faili lenyewe linalijibu. MSVCP140.dll na VCRUNTIME140.dll ni maktaba za Visual C++. Waandishi wa programu huzitegemea kwa kazi za kila siku badala ya kuziandika upya kila mara. Programu iliyosakinishwa kwa utaratibu huja nazo na kuziweka kimyakimya. Programu iliyonakiliwa kutoka flashi ya rafiki, folda nzima kama ilivyo, haiji nazo. Ndiyo maana ule mchezo unacheza kwa rafiki na kwako unagoma. Dawa ni kifurushi cha Visual C++ kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, cha biti 64 na cha biti 32, vyote viwili hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa kuwa programu nyingi bado ni za biti 32. Vyote pamoja havifiki MB 50. Hata kwa bando la kubana, hilo linawezekana.

Hapa pana mtego uliowaangusha mafundi wengi. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndimo yanamokaa mafaili ya biti 64, na yale ya biti 32 yamewekwa kwenye folda iitwayo SysWOW64. Majina yamepishana na yaliyomo kwa sababu Microsoft haikutaka kuzivunja programu za zamani zilizokwisha kuandikiwa njia ya System32. Anayechukua DLL ya biti 32 na kuiweka System32 atakutana na kosa jingine kabisa, 0xc000007b, akadhani amepata ugonjwa wa pili. Ni uleule wa kwanza, umebadilishwa jina na mganga.

Mafaili ya d3dx9 ni ya michezo na programu za picha za zamani. Windows 10 ina DirectX 12, na mtu huona ajabu kuambiwa kwamba kitu cha DirectX hakipo, lakini maktaba hizo za tisa hazimo ndani yake. Zinapatikana kwenye kifurushi cha Microsoft cha Juni 2010, na bado kinafanya kazi.

Mfplat.dll ni kisa kingine, na kwa mji wa mpakani kina uzito wake. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliihukumu Microsoft kwa kuambatanisha kicheza muziki na video chake na Windows, ikaitaka itoe toleo lisilo nacho. Toleo hilo lipo hadi leo, na jina lake huishia na herufi N. Laptopu zinazotumika Goma na Gisenyi nyingi ni za mtumba, occasion kama wanavyosema Goma, na zinazotoka Ubelgiji au nchi jirani zake zinaweza kuja na Windows hiyo ya N bila mwenyewe kujua. Anaiwasha, kila kitu kipo, mpaka siku anapofungua programu ya video na kuambiwa mfplat.dll haipo. Fundi anaendesha ukaguzi wa mafaili ya mfumo, Windows inajibu kwamba haina kasoro yoyote, naye anabaki anakuna kichwa. Jibu ni sahihi: faili lile halikuibwa wala halikuharibika, halikuwahi kuwekwa, kwa amri ya Brussels. Dawa iko kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya vipengele vya hiari, ambako huongezwa kifurushi cha midia kiitwacho Media Feature Pack. Kabla ya kuhangaika na faili lolote la midia, fungua ukurasa wa mipangilio unaotaja toleo la Windows yako, uone kama kuna N.

Kuna pia wanaofanyia kazi ya forodha nyumbani. Rwanda na Kongo zina mfumo mmoja wa forodha wenye majina mawili: Rwanda ni ASYCUDA World, Kongo ni SYDONIA World, nao ni kazi ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, iliyojengwa kwa Java. Wakala akiona ujumbe kwamba java.dll haikupatikana, kwa kawaida ana Java mbili au tatu zilizopandiana, moja imefutwa nusu. Asitafute java.dll. Aziondoe zote, asakinishe moja, ile anayoelekezwa na mamlaka husika.

Faili likishajulikana kuwa ni la Windows yenyewe, linakuja swali la pili, nalo huulizwa kwa nadra: liliondokaje? Mafaili ya mfumo hayaondoki bure. Tangu Windows 2000 mfumo unayalinda mafaili yake, na kuanzia Vista hata mtumiaji mwenye haki za msimamizi hawezi kuyafuta hivi hivi.

Mshukiwa wa kwanza ni kinga yenyewe. Windows isiyolipiwa huamshwa kwa programu za wizi wa leseni, na Office pia, na programu hizo hubadilisha mafaili ya mfumo ili zifanye kazi yake. Siku Defender, kinga ya Windows yenyewe, inapopata taarifa mpya za virusi, inazigundua programu hizo, inazifungia, na mwenye mashine anaona ujumbe wa faili lisilopo. Fungua Windows Security, tazama historia ya ulinzi, utakuta tarehe na saa faili lilipokamatwa. Ukaguzi huo ni wa dakika moja na hauhitaji bando. Kinachonishangaza ni kwamba ushauri unaozunguka mitaani ni kinyume: zima antivirusi, rudisha faili, endelea. Mwaka 2001 barua pepe zilizagaa duniani zikiwaonya watu kwamba faili SULFNBK.EXE ni kirusi, walifute haraka na kuwajulisha marafiki. Lilikuwa faili halali la Windows, na waliotii walijiharibia wenyewe. Leo barua pepe imekuwa ujumbe wa WhatsApp, na tabia ni ileile.

Zipo pia Windows zilizochunwa. Kuna watu huchukua Windows, wakaondoa walichoona hakina kazi ili iwe nyepesi kwa mashine dhaifu, wakaigawa. Kwa laptopu ya RAM ya GB 2 inaonekana neema. Lakini kilichochunwa ndicho kitakachohitajika siku moja, na zana za ukarabati hushindwa kwa sababu ghala la vipuri nalo limechunwa. Mashine ya namna hiyo haina matengenezo, inahitaji Windows kamili.

Mshukiwa mzito zaidi kwetu ni umeme. Goma hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, na wa Virunga Energies unaotoka mitambo ya maji ya Matebe, Rutshuru, na Januari 2025, vita vilipoingia mjini, wakazi walikaa siku kadhaa bila umeme. Gisenyi ina nafuu, lakini si salama kabisa. Kukatika kwa umeme kungekuwa jambo dogo kama laptopu zetu zingekuwa na betri. Nyingi za mtumba betri imekufa. Zinaishi kwa waya, na kila umeme ukikatika ni sawa na kung'olewa. Ukikatika mtu akiandika barua, anapoteza barua. Ukikatika Windows ikijisasisha, yaani wakati ule inapoandika maneno ya kukusihi usizime kompyuta, faili linaweza kubaki limeandikwa nusu, na mfumo ukiamka unaliona kama halipo. Anayeacha masasisho yaanze saa za jioni mtaa ukiwa na mgao anacheza kamari. Yaanze mchana umeme ukiwa imara, na ukipata fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua betri kabla ya RAM.

Na ikiwa mafaili yanapotea moja leo, jingine wiki ijayo, acha kabisa kufikiria Windows. Diski ndiyo inayokufa. Diski za zamani za sahani zinazozunguka huanza kupoteza sehemu ndogondogo kabla hazijazimika kabisa. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo husoma ripoti ya afya inayotunzwa na diski yenyewe. Hapo mpangilio wa kazi haubadiliki: kwanza nakili picha, vyeti na nyaraka kwenye diski nyingine, ndipo uendeshe chkdsk, zana ya Windows ya kukagua diski. Nimeona watu wakifanya kinyume, chkdsk ikasugua diski mgonjwa usiku kucha, asubuhi hakuna diski wala picha.

Sasa ukarabati wenyewe. Windows ina zana mbili, na wengi wanaijua moja. Sfc, yenye historia tangu Windows 98, hukagua mafaili ya mfumo yaliyolindwa na kubadilisha yaliyoharibika kwa nakala kutoka ghala la ndani, folda ya WinSxS. Ikiwa ghala nalo limeoza, sfc itakwambia imekuta kasoro lakini imeshindwa kurekebisha baadhi. Hapo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo DISM inapohitajika, zana inayorekebisha ghala lenyewe kwenye Windows 8 na zilizofuata. Kwa hiyo mpangilio unaofaa, na ndio Microsoft inaoelekeza, ni DISM kwanza kisha sfc. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri imalize hata ikionekana imekwama njiani, kisha andika sfc /scannow.

Hata kuandika amri hiyo kuna vituko vyake mpakani. Laptopu ya kibodi ya Kifaransa, yenye herufi AZERTY, ikipigwa Windows ya Kiingereza na fundi asiyebadili mpangilio wa kibodi, mtu anabonyeza herufi kama anavyoziona na kioo kinaandika scqnnoz. Windows inajibu kwa maelezo marefu ya jinsi ya kutumia amri, na mteja anadhani mashine imezidi kuharibika. Badilisha mpangilio wa kibodi kwanza.

Tatizo kubwa la DISM kwetu ni kwamba, isipoelekezwa vingine, huchukua vipuri vyake kutoka mtandaoni, na bando linaweza kukatika katikati. Njia ya kuepuka ni kuipa chanzo kutoka kwenye flashi: ISO, yaani faili la kusakinishia Windows, iliyofunguliwa, ikielekezwa kwa /Source na kuzuiwa isiende mtandaoni kwa /LimitAccess. ISO ya Windows 11 inazidi GB 5, hivyo flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Inapakuliwa mara moja, inatumika kwa mashine nyingi.

Ila chanzo hicho kinapaswa kulingana na Windows inayorekebishwa kwa toleo na kwa lugha, na hapa mpaka wa Grande Barrière unaingia ndani ya kompyuta. Tangu Rwanda ilipohamia Kiingereza shuleni, mwishoni mwa miaka ya 2000, mashine za Gisenyi nyingi ni za Kiingereza. Za Goma ni za Kifaransa. Fundi wa Gisenyi mwenye flashi ya Kiingereza akipokea laptopu ya Goma, DISM inaweza kumwambia vyanzo havikupatikana ingawa flashi iko mbele yake. Akijaribu njia ya tatu, ile ya kuendesha setup.exe ndani ya Windows iliyo hai ili ijisakinishe upya juu yake yenyewe bila kugusa programu, atakuta nafasi ya kubakiza programu haichaguliki. Amebakiwa na mafaili binafsi peke yake. Sababu ni lugha. Amri ya dism /online /get-intl huonyesha lugha ya msingi ya mfumo, hata kama mwenyewe ameipaka sura nyingine juu. Kiswahili cha Windows, kwa mfano, hukaa juu ya Windows ya Kiingereza, na kwa ukarabati mashine hiyo inahesabiwa ya Kiingereza. Folda nazo hudanganya macho: Windows ya Kifaransa inaonyesha Utilisateurs, lakini jina lake halisi kwenye diski ni Users.

Mashine isiyowaka kabisa, inayosimama kwenye kioo cheusi ikisema BOOTMGR is missing, inatisha zaidi kuliko inavyostahili. Kabla ya lolote, chomoa flashi. Mara nyingi kompyuta imejaribu kuwaka kutoka kwenye flashi iliyosahaulika pembeni, haikukuta mfumo, ikalalamika. Ikiendelea, mafaili ya kuwashia hurudishwa kwa zana za ukarabati zilizomo kwenye flashi ya Windows, na mafaili yako binafsi hayaguswi.

Na si kila Windows inayogoma imepungukiwa. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziligoma kuwaka duniani, ndege zikalala viwanjani, kwa sababu kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro. Tiba ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili la sasisho hilo, mashine moja baada ya nyingine.

Kwa nini basi, pamoja na zana zote hizi, jibu la kawaida mtaani ni kupiga Windows upya? Wengi husema mafundi ni wavivu. Sikubaliani. Fundi hulipwa kwa mashine iliyowaka, halipwi kwa saa alizotafakari. Kupiga Windows ni kazi ya muda unaojulikana, yenye matokeo ya uhakika. Kutafuta faili limeondokaje kunaweza kula nusu siku, na mteja wa Goma anataka kuvuka kabla giza halijaingia. Tatizo ni kwamba Windows mpya ikipigwa juu ya diski inayokufa, au ikaamshwa kwa programu ileile iliyokamatwa na Defender, mteja atarudi baada ya wiki chache na dirisha lilelile. Halafu kuna picha za harusi na vitabu vya shule vilivyokuwa kwenye eneo-kazi, ambavyo hakuna aliyeviulizia kabla ya kufomati.

Jambo hili litakuwa zito zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisi za Ulaya zinazoachana nazo zitaziuza, na sehemu yake itafika kwetu, zikiwa na lugha zao, herufi N zao na betri zao zilizochoka.

Mafundi wa pande zote mbili wana uwezo wa kupunguza hasara hii bila kungoja mradi wa mtu. Flashi mbili kubwa zatosha: moja ya ISO za Kiingereza, moja ya Kifaransa, matoleo ya 10 na 11, zilizotoka kwa Microsoft, na ndani yake vifurushi vya Visual C++ na DirectX ya 2010. Wenye saiba wangeweza kuzipakua usiku mtandao ukiwa mwepesi, wakawauzia watu nakala kwa bei ya flashi. Nawe mwenye kompyuta, kabla hujaiacha mezani kwa fundi, muulize ataanza na nini. Akikujibu kwamba ataangalia faili ni la nani, diski ina hali gani na historia ya Defender inasema nini, mwachie. Akisema ataitafuta hiyo DLL Google, chukua mashine yako uende kwa mwingine.